HHI, Lerner, Panzar-Rosse au Boone: ushindani wa benki upimwe kwa kipi?

Chukua Kenya ya kati ya Septemba 2016 na Novemba 2019. Sheria ilikataza benki kukopesha kwa riba inayopita ile ya Benki Kuu (CBR) kwa zaidi ya pointi 4. CBR ilipokuwa asilimia 10, dari ilikuwa 14. Anayepima ushindani kwa kutazama pengo kati ya bei na gharama ataona benki zimebanwa, na kompyuta yake itasoma kubanwa huko kama ushindani mkali. Anayetazama migao ya soko ataona utulivu mpaka 2019, NIC na CBA zilipoungana kuwa NCBA na KCB ikainunua National Bank. Kwake yeye, ushindani ulipungua. Wa tatu, mwenye modeli ya Panzar-Rosse, inayotazama kama mapato yanafuata gharama zinapopanda, atapata namba isiyosomeka, maana benki hazikuwa na ruhusa ya kupandisha bei ya mikopo gharama zilipopanda. Soko ni moja na miaka ni ileile, lakini majibu ni matatu.

Hakuna kati yao aliyekosea hesabu. Kila kipimo kina swali lake, na shida huanza pale mtu anapochukua jibu la swali moja akalibandika kwenye swali jingine. Ulinganisho huu ni kwa mwanafunzi anayechagua mbinu ya tasnifu, mchambuzi anayeulizwa kama muungano wa benki mbili upitishwe, na mwandishi wa habari za biashara anayetaka namba ya kutetea kesho asubuhi.

| Kipimo | Kinauliza nini | Unahitaji nini | Kinakwama wapi |
|---|---|---|---|
| CR3, CR5 | Wakubwa wachache wanashika kiasi gani? | Mali au amana za wakubwa, na jumla ya soko | Hakioni wadogo wakiungana |
| HHI | Soko limegawanyika vipi? | Migao ya benki zote | Hakijui benki zinavyotenda |
| Lerner | Benki inatoza kiasi gani juu ya gharama? | Taarifa za mapato na mizania za miaka kadhaa | Mikopo chechefu (isiyolipwa), hati fungani, sheria za riba |
| H ya Panzar-Rosse | Gharama zikipanda, mapato yanazifuata? | Kama Lerner | Soko lisilotulia |
| Boone | Mwenye gharama ndogo ndiye anayevuna? | Kama Lerner, na benki nyingi | Nchi yenye benki chache |

## Kabla ya fomula: unanakili safu ipi?

Makosa mengi tunayoyaona katika kazi za aina hii hayatokani na modeli. Yanatokea siku ya kunakili data.

Benki kubwa za Kenya huchapisha taarifa zenye safu ya benki na safu ya kundi zima. Ukinakili safu ya kundi kwa Equity au KCB, umeingiza katika soko la Kenya amana za Kinshasa, Kampala na Kigali. Kwa CRDB ya Tanzania ni vilevile: ina kampuni tanzu Burundi na Kongo, na taarifa ya kundi inazijumuisha. Unapopima soko la nchi, chukua safu ya benki peke yake.

Ndani ya nchi, geuza mkono. Benki mbili zenye mmiliki mmoja ni mshindani mmoja, hata kama kila moja ina leseni yake. KCB ilipoinunua National Bank of Kenya mwaka 2019 haikuimeza. Iliendelea kuwa benki kamili yenye jina na matawi yake, mpaka ilipouzwa kwa Access Bank mwaka 2025. Co-operative Bank nayo iliinunua Jamii Bora mwaka 2020, ikaibadili jina kuwa Kingdom Bank, na ikaiacha na leseni yake. Anayehesabu leseni atazipa benki hizi migao tofauti na HHI yake (ambayo hupanda soko likishikwa na wachache) itakuwa ndogo kuliko hali halisi. Unganisha migao kwa miaka ya umiliki tu, kisha itenganishe mmiliki anapobadilika.

Kuna mtego wa tatu, nao hunasa hata wazoefu. Benki Kuu ya Kenya huchapisha fahirisi ya mgao wa soko katika ripoti yake ya mwaka, na kwa fahirisi hiyo huzipanga benki katika makundi matatu: kubwa zenye asilimia 5 na zaidi, za kati zenye 1 hadi 5, na ndogo zilizo chini ya 1. Inavutia kuichukua na kuikokotolea HHI moja kwa moja. Usifanye hivyo. Fahirisi hiyo ni mchanganyiko wa mali, amana, mtaji, idadi ya akaunti za amana na idadi ya akaunti za mikopo. Benki yenye mamilioni ya akaunti za simu, nyingi zikiwa na salio la shilingi chache, inaonekana kubwa kuliko pesa inazozishika. Kwa kazi ya usimamizi inafaa, lakini kwa HHI chukua amana zenyewe, na mikopo yenyewe.

Tena hizo mbili uzipime kando. Benki inaweza kuwa ya tatu kwa amana na ya nane kwa mikopo kwa sababu pesa za wateja imezipeleka kwenye hati fungani za serikali. Mali zote kwa pamoja huficha jambo hilo.

Jingine dogo la vitendo: taarifa ya mapato ya robo ya tatu nchini Kenya ni ya miezi tisa, siyo mitatu. Ili upate robo yenyewe, toa ile ya nusu mwaka. Tanzania hutenganisha safu ya robo na safu ya tangu mwaka kuanza, kwa hiyo hapo hatari ni kuchanganya safu. Mizania haina shida hiyo, ila unapogawa mapato kwa mali tumia wastani wa mwanzo na mwisho wa kipindi.

## CR na HHI: nyepesi, na zinajua kidogo

CR3 ni jumla ya migao ya benki tatu kubwa, CR5 ya tano. HHI, yaani fahirisi ya Herfindahl-Hirschman, inachukua mgao wa kila benki kwa asilimia, inauzidisha kwa wenyewe, kisha inajumlisha. Soko la benki moja lina 10,000; soko la benki kumi zinazolingana lina 1,000.

Tutengeneze soko la mfano lenye benki kumi: 25, 20, 12, 10, 8, 7, 6, 5, 4 na 3. CR3 ni 57 na CR5 ni 75. Kwa HHI: 625 + 400 + 144 + 100 + 64 + 49 + 36 + 25 + 16 + 9 = 1,468. Gawa 10,000 kwa 1,468 upate 6.8, maana yake soko hili la benki kumi linafanana na soko la benki karibu saba zilizo sawa. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayoeleweka haraka na msomaji asiye mchumi, na tunashangaa inavyotumika mara chache.

Sasa benki ya 8 iungane na ya 7. Ongezeko la HHI ni mara mbili ya migao ikizidishwa: 2 × 8 × 7 = 112, na HHI inafika 1,580. CR3 inapanda hadi 60, CR5 hadi 82. Lakini benki ya 4 ikiungana na ya 3, HHI inaongezeka kwa 24 huku CR3 na CR5 zikibaki palepale kama hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo tofauti ya vipimo hivi viwili. CR pia haioni mgawanyo ndani ya wale wakubwa: watatu wenye 45, 6 na 6, na watatu wenye 19 kila mmoja, wote wana CR3 ya 57. Katika HHI, wa kwanza wanachangia 2,097 na wa pili 1,083.

Watu huogopa HHI wakidhani lazima wapate kila benki ndogo. Siyo kweli. Benki 20 zenye nusu asilimia kila moja zinashika asilimia 10 ya soko, lakini katika HHI zinaongeza 5 tu. Kinachoharibu hesabu ni kigawanyo. Ukiwa na benki 12 za juu na ukagawa kwa jumla ya hizo 12 badala ya jumla ya sekta nzima, kila mgao unavimba, na kuzidisha kwa wenyewe kunauvimbisha tena. Angalia pia kama ripoti unayolinganisha nayo imeandika migao kwa desimali, 0.1468 na 1,468 ni kitu kimoja.

Mipaka inayonukuliwa sana ni ya Marekani. Mwongozo wa miungano wa 2023 unaliita soko lenye zaidi ya 1,800 kuwa limejikusanya sana, na muungano unaoongeza zaidi ya 100 hapo unashukiwa kudhuru ushindani. Kwa benki, mwongozo wa 1995 uliweka 1,800 pamoja na ongezeko la 200. Ulilegezwa kwa kuwa wakopeshaji wasio benki nao wamo sokoni ingawa hesabu ya amana haiwaoni. Ukiitumia mipaka hiyo Afrika Mashariki, kumbuka kwamba Marekani hupima soko la eneo dogo, mji na vitongoji vyake, siyo nchi nzima. HHI ya taifa ya 1,100 haimsaidii mkulima wa wilaya yenye tawi moja na mawakala wawili.

Tanzania inaonyesha vizuri HHI inachojua na isichojua. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 benki zilitaifishwa na NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, ikatawala kwa zaidi ya miaka 20. Sheria ya 1991 ikafungua mlango, na 1997 NBC ikagawanywa, NMB ikazaliwa. Siku ya mgawanyo HHI ilishuka. Je, ushindani ulipanda? Kutoka benki kubwa moja zilitoka benki mbili, NMB ikarithi matawi ya wilayani na waweka akiba wadogo huku NBC ikibaki na wateja wa biashara. Wateja wa moja hawakuwa wakigombewa na nyingine. Ushindani ulikuja baadaye, kila moja ilipoanza kuingia uwanja wa mwenzake. Leo CRDB na NMB peke yao zinashika zaidi ya theluthi moja ya mali zote za sekta, na kila mmoja wao anamtafuta mfanyakazi yuleyule wa serikali anayetaka mkopo wa mshahara. Kiwango cha mkusanyiko hakikuambii habari hiyo.

Kwa muungano mahususi, hata hivyo, HHI ndiyo ya kwanza. Inakokotolewa kabla muungano haujatokea, jambo ambalo Lerner, H na Boone haviwezi.

## Lerner: pengo kati ya bei na gharama

Abba Lerner alipendekeza kipimo chake mwaka 1934: bei kutoa gharama ya nyongeza, gawa kwa bei. Sifuri ni ushindani kamili, na kadiri inavyopanda ndivyo benki inavyojiamulia bei. Uzuri wake ni kwamba kila benki inapata namba yake, kila mwaka.

Bei ni mapato yote (riba na ada) kugawa kwa mali. Gharama ya nyongeza, yaani gharama ya kuongeza shilingi moja ya mali, haionekani kwenye leja yoyote. Inabidi ikadiriwe kwa rigresheni (mlinganyo unaokadiriwa kutoka data) ya gharama ya aina ya translogi. Upande wa kushoto ni logi (logarithimu) ya gharama zote. Kulia ni logi ya mali, mraba wake, logi za bei tatu za pembejeo, na mazidisho kati yao. Bei za pembejeo ni hizi: gharama za riba kugawa kwa amana na mikopo iliyokopwa, gharama za wafanyakazi kugawa kwa mali, na gharama nyingine za uendeshaji kugawa kwa mali za kudumu. Gawa gharama na bei mbili kwa ile ya tatu kabla ya kuchukua logi, ili bei zote zikipanda maradufu gharama nazo zipande maradufu.

Mfano. Benki ina mali bilioni 500 na mapato bilioni 60: bei ni 0.12. Gharama ni riba bilioni 18, wafanyakazi 12, nyinginezo 14, jumla 44, yaani 0.088 kwa kila shilingi ya mali. Rigresheni imetoa unyumbufu wa 0.95: mali zikipanda kwa asilimia 1, gharama zinapanda kwa asilimia 0.95. Gharama ya nyongeza ni 0.088 × 0.95 = 0.0836. Lerner ni (0.12 − 0.0836) ÷ 0.12 = 0.30.

Sasa hapo tumesahau kitu. Sehemu ya riba ya mkopo ni fidia ya hatari kwamba mteja hatalipa. Kama mwaka huo benki imetenga bilioni 6 kwa mikopo chechefu, ziondoe kwenye mapato: bei ni 0.108, na Lerner ni 0.23. Robo nzima ya kile tulichokiita nguvu ya soko ilikuwa hasara inayosubiri kutokea. Katika nchi zenye mikopo chechefu mingi, Lerner isiyorekebishwa kwa hatari tusingeichapisha kabisa. Ukiirekebisha, angalia mpaka wa tarehe 1 Januari 2018, siku IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikopo na dhamana, ilipoanza kutumika. Tengo la mpito (kiasi kilichotengwa wakati wa kuhamia kiwango kipya) lilipita kwenye akiba ya faida bila kugusa taarifa ya mapato, hivyo mwaka huo unaweza kuonekana mzuri kuliko ulivyokuwa.

Mpaka mwingine ni tarehe 1 Januari 2019. IFRS 16 ilipandisha majengo ya kukodi kwenye mizania. Benki iliyokuwa ikikodi karibu kila tawi ilikuwa na mali za kudumu kiduchu, na bei yake ya tatu ya pembejeo ilikuwa kubwa ajabu; mwaka uliofuata ikaporomoka bila chochote kubadilika matawini. Mchambuzi asiyejua hilo huona mapinduzi ya ufanisi mwaka 2019. Weka kiashiria (sifuri kabla, moja baada) kwa kipindi cha kuanzia 2019, au tumia jumla ya mali kama kigawanyo cha bei ya tatu kwa miaka yote.

Hati fungani nazo zinadanganya. Riba ya hati za serikali ikipanda, mapato ya benki yanapanda, Lerner inapanda, wala hakuna mteja aliyetozwa senti zaidi. Penye sehemu kubwa ya mali kwenye dhamana za serikali, kokotoa bei kwa mapato ya mikopo na ada peke yake, au angalau onyesha zote mbili.

Na kile kikomo cha riba cha 2016 hadi 2019? Lerner ya wakati huo inapima sheria. Wakati huohuo benki zilipunguza kukopesha wafanyabiashara wadogo ambao hatari yao ilidai riba ya juu ya asilimia 14 na kuipendelea serikali, kwa hiyo hata wastani wa bei ulishuka kwa sababu wateja wa bei ya juu walitolewa nje. Ukiwa na paneli (data za benki zilezile kwa miaka mingi) ya Kenya inayovuka miaka hiyo, igawe vipande vitatu na usitoe wastani wa kote.

Wastani wenyewe wa nchi una ujanja wake. Wastani wa kawaida wa benki zipatazo 38 unatawaliwa na zile ndogo, ambazo baadhi zina Lerner hasi, wakati zile tisa kubwa zinashika takriban robo tatu ya soko. Toa wastani wa kawaida na ule uliopimwa kwa mali. Zikiachana sana, hiyo ndiyo habari yako: wakubwa wanajiamulia bei, wadogo wanahangaika.

## H ya Panzar-Rosse: ipo kila mahali, tunaiamini kidogo

Mbinu ya John Panzar na James Rosse ni rahisi kuendesha, ndiyo maana imejaa kwenye tasnifu. Weka logi ya mapato kushoto na logi za bei tatu za pembejeo kulia; jumlisha vigawo vitatu, yaani namba ambazo rigresheni inazipa kila bei. Ukipata 0.35, 0.22 na 0.06, H ni 0.63. Chini ya sifuri husomwa kama ukiritimba, 1 kama ushindani kamili, katikati kama ushindani wa kiukiritimba (wauzaji wengi, kila mmoja na upekee wake). Karibu kila nchi huangukia katikati, hivyo jibu unalijua kabla ya kuanza.

Kosa kuu limo kwenye mlinganyo wenyewe. Watafiti wengi waligawa mapato kwa mali, au waliweka logi ya mali kulia kama kidhibiti. Jacob Bikker, Sherrill Shaffer na Laura Spierdijk walionyesha mwaka 2012 kwamba ukifanya hivyo hupimi tena mapato bali bei, na H inapanda bandia. Rudia tasnifu ya zamani bila logi ya mali, utaona H ikishuka, pengine sana. Mapato yabaki mazima, na vidhibiti viwe uwiano tu, kama mtaji kwa mali au mikopo kwa mali.

Pili, H inadai soko liwe limetulia. Jaribio lake ni kurudia rigresheni ileile ukiweka logi ya 1 + faida kwa mali upande wa kushoto. Jumla ya vigawo isitofautiane na sifuri. Kenya ya kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank zilipowekwa moja baada ya nyingine chini ya mrasimu (msimamizi wa benki iliyoanguka) na amana zikikimbilia benki kubwa, haiwezi kuitwa soko lililotulia. Jaribio likifeli, H hasi haikuambii kuna ukiritimba, maana hata washindani hupata H hasi wakiwa bado wanaingia na kutoka sokoni.

Tatu, H siyo rula. Nchi yenye 0.7 haishindani zaidi kuliko yenye 0.6. Panga nchi kwa H, umetengeneza orodha isiyo na maana.

Tungeitumia pale tu ambapo swali ni la ndiyo au hapana: je, tabia ya benki hizi inaendana na ukiritimba au kula njama?

## Boone: nani anavuna

Jan Boone alileta wazo zuri mwaka 2008. Ushindani ukiwa mkali, mwenye gharama kubwa anaadhibiwa: wateja na faida vinahamia kwa mwenye gharama ndogo. Weka logi ya faida kushoto, logi ya gharama ya nyongeza kulia. Kigawo cha −1.8 kina maana gharama ikipanda asilimia 1, faida inashuka asilimia 1.8. Kadiri kinavyozidi kuwa hasi, ndivyo ushindani ulivyo mkali. Gharama ya nyongeza unaitoa kwenye translogi ileile ya Lerner, kwa hiyo ukishafanya moja, ya pili ni kazi ya jioni moja.

Kuna mikwaruzo. Benki yenye hasara haina logi. Ukiitupa, umewatoa hasa wale ambao kipimo kinawatafuta. Tumia mgao wa soko badala ya faida. Benki zilizofungwa zibaki kwenye data hadi robo yao ya mwisho, kwa sababu hiyohiyo.

Ukitaka kigawo cha kila mwaka, unazidisha logi ya gharama kwa kiashiria cha kila mwaka, na hapo unahitaji benki za kutosha katika mwaka mmoja. Kenya na Tanzania zinamudu. Rwanda na Burundi, zenye benki chache, zitakupa vigawo vinavyorukaruka kutoka hasi hadi chanya mwaka hadi mwaka. Tumia vipindi vya miaka minne au mitano.

Boone pia inachukulia kwamba gharama kubwa ni uzembe. Benki yenye matawi miji ya mbali kama Namanyere au Lodwar ina gharama kubwa, lakini inapata amana za bei nafuu ambazo wenzake hawazifikii. Na tangu mawakala waruhusiwe, Kenya mwaka 2010 na Tanzania mwaka 2013, sehemu ya gharama za wafanyakazi imegeuka kamisheni na kuhamia kwenye gharama nyinginezo. Benki mbili zinazotoa huduma ileile zinaonekana tofauti kwa sababu moja ina makeshia na nyingine ina mawakala.

## Pengo la riba, kwa wasio na muda

Riba ya wastani ya mikopo kutoa ile ya amana hutolewa kila mwezi na benki kuu. Ni ya bure na inaeleweka. Inabeba pia mfumuko wa bei, hatari, akiba ya lazima na kodi, na haioni ada za mkopo wala bima. Itumie kufuatilia mwelekeo ndani ya nchi moja, usilinganishe nayo nchi mbili.

## Kwa kazi yako

Kama kazi ni muungano uliopendekezwa, kokotoa HHI ya amana na ya mikopo, kabla na baada, kwa umiliki siyo kwa leseni, kisha orodhesha miji ambayo benki zote mbili zina matawi. Lerner ya miaka mitatu iliyopita ya benki hizo mbili iambatanishwe kama ushahidi wa pili.

Kama ni tasnifu, fanya Lerner iliyorekebishwa kwa hatari na Boone kwa pamoja. Zikikubaliana mwelekeo una jambo la kusema, zikipingana una sura nzima ya kueleza. H iwekwe kwenye kiambatisho kama msimamizi ameing'ang'ania.

Mwandishi wa habari mwenye siku moja ahesabu HHI, aandike "soko linalofanana na benki saba", aongeze pengo la riba la miaka mitano, na asiandike neno "ukiritimba" kwa ushahidi wa CR3.

Wapo watakaochukua njia ya mkato: hifadhidata ya maendeleo ya fedha ya Benki ya Dunia ina CR3, CR5, Lerner, H na Boone kwa nchi nyingi. Zimekokotolewa kutoka data za Bankscope na mrithi wake Orbis Bank Focus, hifadhidata za taarifa za benki, ambazo huziacha benki nyingine ndogo. Kwa hiyo CR5 ya nchi ndogo wakati mwingine husoma 100 kwa sababu tu benki zilizokuwemo kwenye data zilikuwa tano au pungufu. Ukikuta 100, hesabu kwanza leseni zilizokuwepo mwaka huo.